MAMA WA BIASHARA, NANI ANAKUPA LIKIZO?



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumza na akina mama wanaofanya biashara ndogo ndogo: wauza maandazi na vitumbua, mama lishe, wenye magenge ya nyanya na mchicha, washonaji, wasusi, wauza mitumba na wafuga kuku. Tunawaomba akina baba nao wasiupite ukurasa huu. Mama akiugua haugui peke yake, nyumba nzima huugua naye.

Tumchukue mama mmoja kama mfano. Hatutampa jina, kwani kila parokia inaye, na huenda jumuiya yako inao zaidi ya mmoja. Mama huyu huamka saa 9 usiku. Anakanda unga, anawasha jiko, anakaanga maandazi mpaka saa 12 asubuhi. Hapo anawaamsha watoto, anawaogesha, anawapa chai na kuwatuma shule. Saa 2 asubuhi yuko kibandani kwake anapika wali na maharage ya wateja wa mchana. Anatoka hapo saa 10 jioni, anapitia sokoni kununua mahitaji ya kesho, na saa 11 anashika njia ya kurudi nyumbani. Huko zinamngoja ndoo za maji, chakula cha usiku, sare za shule za kufua na madaftari ya watoto. Analala saa 5 usiku. Saa 9 anaamka tena.

Ukimwuliza habari yake atakujibu, "Namshukuru Mungu, mambo yanakwenda." Ni kweli mambo yanakwenda. Ada inalipwa, chakula kipo, na mchango wa kanisa hautoki kwa shida. Lakini je, mama mwenyewe anakwenda wapi?

TUHESABU PAMOJA

Mama huyu analala saa 4 tu kwa usiku mmoja. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Maana yake kila usiku anakopa saa 3 kutoka mwilini mwake. Kwa wiki moja amekopa saa 21, sawa na kukesha usiku mzima mara tatu.

Sasa tuhesabu kazi. Maandazi saa 3, kibandani saa 8, sokoni saa 1: jumla ni saa 12 kwa siku. Kwa siku sita ni saa 72, na hapo hatujahesabu kazi hata moja ya nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inasema kwamba saa za kawaida za mwajiriwa zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Inampa pia saa nzima ya mapumziko akiwa amefanya kazi saa 5 mfululizo. Mwajiriwa akijifungua anapewa likizo ya siku 84 yenye malipo, na akijifungua pacha anapewa siku 100.

Mama wa maandazi hana mwajiri wa kumdai siku hizo. Yeye ndiye bosi na yeye ndiye kibarua. Akijifungua leo, wiki mbili baadaye unaweza kumkuta kibandani na mtoto mgongoni, maana wateja wakihamia kwa jirani ni vigumu kuwarudisha. Ndiyo sababu tunauliza: mama, nani anakupa likizo? Ukingoja mtu mwingine akupe, utangoja sana.

MAMA ALIYEKUWA NA KIWANDA NA NYUMBA

Hili si jambo jipya, wala si la Afrika peke yake. Katika mji wa Alençon, huko Ufaransa, aliishi mama mmoja aliyeitwa Zélie Martin. Alianza biashara yake ya lesi mwaka 1853, kabla hajaolewa. Aliwagawia wanawake wengine kazi ya kufuma nyumbani kwao, kisha yeye akaunganisha vipande na kutafuta wateja. Mwaka 1858 aliolewa na Louis Martin, fundi wa saa. Mungu aliwajalia watoto tisa. Wanne kati yao walifariki wakiwa wadogo, na watano waliobaki wote walikuwa watawa. Mmoja wao tunamfahamu sote: ni Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu.

Katika barua zake mama huyu hakuficha kwamba kazi ya lesi ilimchosha. Oda zilikuwa na tarehe zake, watoto waliugua, na usiku ulikuwa mfupi. Tumwangalie na mumewe. Mwaka 1870 Louis aliiacha biashara yake ya saa akaingia katika biashara ya mke wake, akamsaidia. Hakuona haya. Alielewa kwamba riziki ya mke wake ni riziki ya nyumba yote.

Liko pia jambo la kusikitisha. Mwaka 1865 Zélie alimweleza ndugu yake, aliyesomea ufamasia, kuhusu maumivu na uvimbe katika titi. Miaka ikapita katika kazi na kulea. Mwishoni mwa mwaka 1876 daktari alimwambia kwamba upasuaji hautamfaa tena. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na umri wa miaka 45. Teresia alikuwa na miaka minne tu. Hatumlaumu hata kidogo, maana tiba za wakati ule zilikuwa chache mno. Papa Fransisko aliwatangaza yeye na mumewe kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015. Lakini sisi tunaoishi wakati wa vipimo na dawa hatuna sababu ya kungoja miaka kumi na moja.

MWILI NAO UNA DAFTARI LAKE

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mama wa biashara anaijua methali hii na anaandika mauzo yake. Ajue basi kwamba mwili nao unaandika. Tutazame mambo machache ambayo waganga na wauguzi hukutana nayo kwa akina mama wa aina hii.

Presha ya kupanda. Ugonjwa huu ni mwizi anayeingia bila kubisha hodi. Wengi wenye presha hawasikii kitu chochote: si kichwa kuuma, si kizunguzungu. Dalili ya kwanza inaweza kuwa kiharusi. Kipimo kikirudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Kabla ya kupimwa, kaa umetulia kwa dakika tano, usipimwe ukiwa umetoka kukimbilia daladala. Ukiandikiwa dawa, zinywe kila siku kama ulivyoelekezwa. Wako akina mama wanaoacha dawa kwa sababu wanajisikia vizuri. Mama, unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa hizo hizo! Punguza pia chumvi: kwa siku nzima mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mchuzi na vyakula vya dukani.

Mtu akipindika mdomo ghafla, mkono au mguu upande mmoja ukikosa nguvu, au maneno yake yasieleweke, apelekwe hospitali mara moja. Msingoje kesho, wala msipoteze muda kumkanda na maji ya moto.

Mpishi asiyekula. Ni ajabu, lakini mama lishe wengi hulisha watu mia na wenyewe hawali. Wanashinda kwa chai yenye sukari nyingi na andazi lililobaki. Jioni tumbo linawaka. Wengi hudhani vidonda vya tumbo vinaletwa na njaa au mawazo. Ukweli ni kwamba vingi vinatokana na bakteria wanaoishi tumboni, au na dawa za maumivu. Njaa yaweza kuzidisha maumivu, lakini chanzo kinahitaji kupimwa na kutibiwa kwa dawa kamili.

Hapa tuonye juu ya vidonge vya mgongo. Mama anayeinama kwenye sufuria kutwa mgongo utamwuma, naye hukimbilia duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Leo viwili, kesho viwili, na mwezi unakwisha. Dawa hizi zikitumiwa hivyo zinachubua tumbo, zinapandisha presha na kuharibu figo. Bora kuondoa kinachouumiza mgongo: inua jiko au meza ifike usawa wa kiuno, ukinyanyua ndoo kunja magoti badala ya kuinamisha mgongo, na tafuta kigoda ukae unapochambua mchele.

Maji na choo. Masoko mengi vyoo vyake ni vichache, vichafu, au vya kulipia. Basi mama anaamua kutokunywa maji kutwa ili asiende haja, na hata akibanwa anavumilia. Matokeo yake ni mkojo wa rangi nzito, kichwa kuuma, na maambukizi katika njia ya mkojo ambayo kwa mama mjamzito ni ya hatari zaidi. Fedha ya choo iingize katika gharama za biashara kama unavyoingiza mkaa na mafuta. Na viongozi wa masoko waelezwe wazi kwamba choo safi ni haki ya mlipa ushuru.

Moshi. Macho mekundu na kikohozi kisichokwisha si sehemu ya kazi. Moshi wa kuni na mkaa unaharibu mapafu na moyo, na mtoto aliye mgongoni anauvuta pamoja nawe. Pikia mahali penye hewa, tumia kuni kavu au jiko banifu, na ukiweza kununua mtungi wa gesi hata kwa baadhi ya mapishi, fanya hivyo. Tena tafadhali, jiko la mkaa lisilazwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ni msimu wa baridi. Hewa yake haionekani wala hainuki, nayo inaua watu wakiwa usingizini.

Titi na mlango wa kizazi. Ukiona uvimbe katika titi au kwapani, ngozi ya titi kuingia ndani, au chuchu kutoa damu, nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo, hata kama hausikii maumivu. Mwanamke mwenye umri wa miaka 30 na kuendelea apimwe pia saratani ya mlango wa kizazi, na anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi. Kipimo kinachotumika sana huchukua dakika chache, na mabadiliko yakigundulika mapema yanatibika kabla hayajawa saratani. Binti zetu wa umri wa miaka 9 hadi 14 wanayo chanjo yao dhidi ya ugonjwa huu. Wasikose.

MAMA MWENYE MTOTO MCHANGA

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Je, hili linawezekana kwa mama wa genge? Linawezekana akisaidiwa. Njia ya kwanza ni mtoto kuletwa mahali pa kazi, au mama kurudi nyumbani mchana. Njia ya pili ni kukamua. Nawa mikono kwa sabuni, kamua katika chombo safi chenye mfuniko, na ukiweke mahali pa baridi. Katika joto lisilozidi nyuzi 25 maziwa yakae kwa saa nne tu. Mahali penye joto kali apewe mapema zaidi. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo kisafi, kwani chupa ni ngumu kusafisha.

Hali kadhalika, siku ya kliniki isihamishwe kwa sababu ni siku ya soko. Soko litakuwepo kesho.

DENI NALO NI UGONJWA

Hatuwezi kuzungumzia afya ya mama wa biashara tukaiacha mikopo. Kikundi kizuri cha kuweka na kukopa kimewainua wengi. Lakini siku hizi iko mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Inatolewa haraka, bila maswali mengi, lakini riba yake ni kubwa na rejesho lake ni la kila siku au kila wiki. Mama anakopa hapa kulipa pale. Usiku halali. Akisikia pikipiki inasimama nje anashtuka. Wapo waliohama nyumba, na wapo waliochukuliwa kitanda na sufuria mbele ya watoto wao.

Mtu aliye katika hali hiyo anaweza kupata sonona. Dalili zake ni huzuni au kukata tamaa kwa zaidi ya wiki mbili, kukosa usingizi, kutopenda kula, kujiona hana thamani, na hata kuwaza kufa. Huo si uvivu, wala si imani haba. Ni ugonjwa unaotibika. Aende kituo cha afya, na amweleze mtu anayemwamini. Anayewaza kujidhuru asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nasi katika jumuiya, tukiona mwenzetu ameacha kuja, tusianze kumsengenya. Tumtembelee. Pengine anaogopa kukutana na anaowadaiwa.

Kabla ya kukopa, mama ajiulize: rejesho hili nitalipa kwa faida, au kwa mtaji? Akiona atalipa kwa mtaji, mkopo huo auache.

NYUMBA NZIMA IBEBE

Tunapenda kumsifu mke mwema anayeelezwa katika kitabu cha Mithali sura ya 31: anaamka kungali usiku, ananunua shamba, anafanya biashara. Lakini tusome vizuri. Mama yule hakuwa peke yake, alikuwa na wasaidizi nyumbani mwake. Tukimtwisha mama wa leo kazi zote za yule, bila kumpa msaada wowote, hatumsifu bali tunamuua polepole.

Baba, kuteka maji hakukupunguzii heshima. Ukimwona mkeo anaamka saa 9 usiku, je, huwezi kuwaandaa watoto kwenda shule? Kijana wa kiume wa miaka 12 anaweza kufua sare yake, kuosha vyombo na kupika ugali kama dada yake. Mkae pamoja jioni moja, muandike kazi zote za nyumbani kwenye karatasi, na mbele ya kila kazi muandike jina. Karatasi hiyo ikijaa jina la mama peke yake, mtajua ugonjwa wa nyumba yenu uko wapi.

Mama naye akubali kusaidiwa. Wapo akina mama wasiomwachia mtu sufuria kwa sababu "hawajui kupika kama mimi". Waache wajifunze. Wali ukiungua mara moja hakuna atakayekufa.

Kwa wale wanaoajiri binti wa kazi: msichana huyo naye ni mtoto wa mtu. Tusijipatie pumziko kwa kumnyima yeye usingizi.

DOMINIKA NI YA MUNGU NA YA MWILI WAKO

Katika Injili ya Marko sura ya 6, mitume walirudi kwa Yesu wakiwa na habari nyingi za kazi. Watu walikuwa wakiingia na kutoka hata mitume wasipate nafasi ya kula. Yesu hakuwaambia waongeze bidii. Aliwaambia waende naye mahali pa faragha wapumzike kidogo. Kazi yao ilikuwa takatifu kuliko maandazi, na bado Bwana aliona kwamba wanahitaji kula na kupumzika.

Wapo watakaosema, "Nikifunga Dominika nitakula nini?" Tunaelewa, na hatuandiki haya kwa kumhukumu mtu. Anza na unachoweza. Kama huwezi siku nzima, funga nusu siku. Kama jirani yako naye anauza chakula, pokezaneni, Dominika hii yeye, ijayo wewe. Vikundi vya WAWATA na jumuiya ndogo ndogo vinaweza kupanga zamu za namna hiyo, na zamu za kumshikia genge mama aliyejifungua, ili asirudi jikoni kabla ya kidonda kupona.

ANZA WIKI HII

Usibadilishe maisha yote kwa siku moja, hutaweza. Wiki hii fanya mambo manne tu:

1. Pima presha. Hata kama una miaka 30 na unajisikia mzima.

2. Ongeza saa moja ya usingizi. Kanda unga jioni mapema, mpe mtoto mkubwa kazi moja, au punguza aina moja ya kitafunwa yenye faida ndogo.

3. Kula mlo mmoja kamili mchana ukiwa umekaa, kabla wateja hawajawa wengi, na weka chupa yako ya maji karibu.

4. Fungua ukurasa mmoja katika daftari la biashara uandike "Afya". Kila siku weka humo kiasi kidogo cha fedha kwa ajili ya vipimo, dawa au bima. Fedha hiyo isinunue unga wala mafuta.

Jiko likiharibika utanunua jingine. Kibanda kikibomolewa kitajengwa. Mama wa watoto wako ni mmoja tu, hauzwi dukani.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni akina mama wangapi wanaofanya biashara? Nani kati yao amejifungua hivi karibuni, na tumemsaidiaje?

2. Akina baba: ni kazi gani moja ya nyumbani ambayo uko tayari kuichukua kuanzia kesho asubuhi?

3. Je, tunaweza kumwomba muuguzi wa zahanati iliyo karibu aje kutupima presha siku moja baada ya Misa ya Dominika?